Tabarca, Kisiwa cha Waliokombolewa

Mtu akiifungua ramani ya Bahari ya Kati, macho yake huenda kwanza kwenye visiwa vikubwa: Sisilia, Sardinia, Krete na Saiprasi. Hivyo ndivyo vinavyotajwa shuleni na katika habari za vita. Lakini karibu na pwani ya mashariki ya Hispania, mbele ya mji wa wavuvi uitwao Santa Pola, kuna kisiwa ambacho katika ramani nyingi hakipati hata nukta. Jina lake ni Tabarca. Urefu wake wazidi maili moja kidogo tu, na upana wake, mahali palipo papana zaidi, ni kama robo maili. Mtu mwenye miguu mizuri aweza kukizunguka chote kabla ya chakula cha adhuhuri, na bado akapata nafasi ya kuoga baharini.

Wageni wengi waendao huko hawalali. Huondoka bara asubuhi, hurudi jioni, na huhesabu kwamba wamekwisha kukiona kisiwa. Wengi wao wamekuja kwa ajili ya jua, maji na samaki. Lakini mgeni atakayesimama kidogo langoni na kuuliza ukuta ule mkubwa ulijengwa kwa ajili ya nani, atajibiwa jambo ambalo huenda hakulitazamia. Watu waliokuja kukaa ndani ya ukuta ule walikuwa watumwa waliokombolewa, nao walikuwa Wazungu waliokuwa wakitumikishwa Afrika.

Safari yenyewe si ngumu. Kutoka Santa Pola mashua ya injini huchukua kama nusu saa, maana rasi ya Santa Pola iko karibu sana na kisiwa. Kutoka mji mkubwa wa Alicante ni mbali zaidi, kama maili 12, na safari yaweza kuchukua saa nzima. La ajabu ni kwamba, ingawa Santa Pola iko karibu zaidi, kisiwa ni mali ya mji wa Alicante, na mambo yake yote ya serikali huamuliwa huko. Ndicho kisiwa pekee chenye wakazi wa kudumu katika jimbo zima la Valencia.

Ukikikaribia kutoka baharini, waona kwa nini watu wa zamani walikiita Kisiwa Bapa. Hakina mlima wala kilima. Ni kama sahani iliyoelea juu ya maji. Upande wa magharibi waona kuta za mawe, nyumba nyeupe na kanisa kubwa lililo juu ya ukingo wa bahari. Upande wa mashariki waona uwanja mtupu, mnara mmoja wa mawe na mnara wa taa. Katikati kisiwa kimebanwa kama kiuno cha nyigu, na hapo ndipo bandari ilipo, upande wa kaskazini, na ufuko wa kuogea upande wa kusini.

Mgeni ashukaye bandarini huenda kwanza kijijini. Kijiji kimezungukwa na ukuta, na huingiwa kwa malango matatu yenye majina ya malaika: Rafaeli, Gabrieli na Mikaeli. Mitaa imenyooka kana kwamba imepigwa kwa rula, nayo hukutana kwa pembe mraba, na katikati pana uwanja. Nyumba ni fupi na za kawaida. Mtu aliyezoea vijiji vya wavuvi, ambavyo nyumba zake hujengwa popote mtu apendapo, huona mara moja kwamba kijiji hiki hakikuota chenyewe. Kilichorwa kwanza juu ya karatasi.

Habari yake ni hii. Zamani palikuwa na kisiwa kingine kiitwacho Tabarka, mbali na hapa, kwenye pwani ya Tunisia. Katika bahari ya huko palikuwa na marijani nyekundu, ile ambayo watu hufanyia shanga na mapambo. Katika miaka ya 1540 familia tajiri ya Genoa, iliyoitwa Lomellini, ilipata ruhusa ya kuichimba marijani hiyo. Wakapelekwa wavuvi wa Genoa pamoja na wake zao na watoto wao, wakajenga ngome, nao wakakaa pale karibu miaka 200. Walizaliwa pale, wakaoana pale, wakazikwa pale. Lugha yao ilikuwa ya Genoa, lakini nchi waliyoitazama kila asubuhi ilikuwa Afrika.

Marijani ikapungua, na watu wakazidi. Mwaka 1738 sehemu moja ya watu hao walihama. Mfalme wa Sardinia aliwapa kisiwa kitupu cha San Pietro, nao wakajenga mji wa Carloforte, ambao upo mpaka leo. Waliobaki Tabarka hawakujua kwamba muda wao ulikuwa mfupi. Bey wa Tunis alipata habari kwamba Wafaransa walikuwa wakikitaka kisiwa, na kwamba huenda Lomellini wangewauzia. Hakungoja. Mwaka 1741 alituma majeshi, akakitwaa kisiwa, akawachukua wenyeji wakawa watumwa wake mjini Tunis.

Ni vema msomaji akumbuke hali ya nyakati zile. Katika Bahari ya Kati utumwa haukuwa wa upande mmoja. Haramia wa Tunis na Algiers waliwakamata Wakristo baharini na pwani, na Wakristo nao waliwakamata Waislamu, wakawafunga kwenye makasia ya merikebu za Hispania, Malta na Italia. Kila upande ulilia kwa ajili ya watu wake na kusahau waliomo katika vifungo vyake wenyewe. Mtu aliyekamatwa aliweza kutumaini jambo moja tu, yaani kukombolewa, ama kwa fedha, ama kwa kubadilishwa na mateka wa upande wa pili.

Watu wa Tabarka walingoja muda mrefu. Wengine walikombolewa mapema na kupelekwa San Pietro kwa ndugu zao. Wengine walibaki, na mwaka 1756, majeshi ya Algiers yalipouteka mji wa Tunis, watumwa hao walichukuliwa pamoja na nyara nyingine mpaka Algiers. Hivyo walibadilishiwa bwana bila kuulizwa, kama ng'ombe wabadilishiwavyo zizi. Hatimaye mfalme Charles wa Tatu wa Hispania alikubali kuwakomboa. Mapatano yalifanyika mwaka 1768, na mwaka 1769 watu karibu 300 wakafikishwa Hispania, wakapewa makao kwa muda mjini Alicante.

Hebu tuhesabu. Tangu mwaka 1741 hata mwaka 1769 ni miaka 28. Mtoto mchanga aliyebebwa mgongoni siku ya kukamatwa alishuka Alicante akiwa mtu mzima. Kijana wa miaka 20 alikuwa hajapata kuishi huru hata siku moja. Na wale wote, wazee kwa vijana, walikuwa hawajapata kuiona Hispania, wala hawakuzaliwa na lugha yake. Walikuwa huru, lakini walikuwa wageni kabisa.

Mfalme na wakubwa wake walikuwa na shabaha mbili. Kwanza, kuwapa watu hao mahali pa kukaa. Pili, kukifunga kisiwa kile kidogo mbele ya Santa Pola, maana haramia walikuwa wamezoea kujificha humo na kuivizia pwani. Kwa hiyo shauri likawa moja: waliokombolewa wawe walinzi. Mhandisi wa jeshi, Fernando Méndez de Ras, akachora mji wenye ngome, malango, kanisa, nyumba ya gavana, maghala na mabirika ya maji. Mawe yalichongwa papo hapo kisiwani, hasa kwenye kijisiwa kilicho mbele ya ukuta, ambacho mpaka leo huitwa Machimbo. Wakazi wapya walisamehewa kodi na utumishi wa jeshi. Kisiwa kikaitwa Nueva Tabarca, maana yake Tabarca Mpya, ili watu wasipoteze jina la kwao.

Ukisoma hati hiyo mezani, huoni kosa. Lakini kilisahauliwa kitu kimoja, nacho mkulima yeyote angekiuliza kabla ya kuuliza habari za ukuta: maji yako wapi? Tabarca haina mto, wala kijito, wala chemchemi. Mvua ya pwani ile ni haba. Maji ya kunywa yalikuwa ni yale yaliyoanguka juu ya mapaa na kuongozwa kwenye mabirika; yakiisha hayo, hapana budi kuyaleta kwa mashua. Kuni ni haba vile vile, maana miti ni ya kuhesabu, na udongo ni kidogo juu ya mwamba. Ngome iliyochorwa kwa fahari haikukamilika yote. Fedha za mfalme zilipopungua, watu walitazama ndani ya ukuta wakaona mawe, wakatazama nje wakaona bahari. Wakaichagua bahari.

Ndivyo wajukuu wa wachimba marijani walivyokuwa wavuvi wa samaki. Walijifunza kutega jodari kwa mtego mkubwa wa nyavu uliowekwa baharini, ambao huwaongoza samaki kidogo kidogo mpaka kwenye chumba cha mwisho, wasiweze kutoka. Jengo lililotumiwa kwa kazi hiyo liko karibu na bandari, na sasa limefanywa nyumba ya makumbusho. Mgeni mwenye saa moja ya ziada na aende huko kabla ya kwenda hotelini. Ataelewa vizuri zaidi kile atakachokila.

Na chakula chenyewe chastahili kutajwa. Wenyeji hukiita kaldero, kwa jina la chungu kinachotumiwa. Samaki huchemshwa pamoja na pilipili kavu nyekundu isiyo kali na vitunguu saumu. Kisha samaki hutolewa, na wali hupikwa kwa ule mchuzi uliobaki. Kilikuwa chakula cha mvuvi asiyekuwa na nyama wala mboga nyingi, ambaye alitaka nguvu yote ya samaki iingie katika mchele. Siku hizi watu wenye fedha huvuka bahari kukifuata.

Baada ya kula, wageni wengi hulala ufukoni. Ni wachache waendao upande wa mashariki, ambao wenyeji huuita Shamba, ingawa hapana mazao ya kutosha kuitwa shamba. Pana mipungate yenye miiba, nyasi kavu na upepo. Pana mnara wa San José, wenye kuta nene zilizoinama ndani kama piramidi iliyokatwa kichwa. Ulijengwa kwa ulinzi, baadaye ukawa gereza. Zaidi yake pana mnara wa taa uliojengwa mwaka 1854, ambao wakati mmoja ulikuwa pia shule ya kufundisha walinzi wa taa za pwani ya Hispania. Na mwisho kabisa, mahali ambapo mtu hawezi kwenda mbele tena bila kuingia majini, pana makaburi ya kijiji.

Kwenye makaburi hayo na katika kijiji majina ya zamani yamedumu: Parodi, Ruso, Luchoro na mengineyo. Lugha ya Genoa imekufa hapa. Wenyeji husema lugha za Hispania kama majirani zao. Lakini kule Carloforte, kwa wale waliohama mwaka 1738, lugha hiyo ingali hai. Hivyo ndugu waliotengana kwa miaka mitatu tu wamekuwa watu wa mataifa mawili, na hawawezi tena kusalimiana kwa maneno ya babu zao.

Kazi ya ukuta nayo iliisha upesi. Wafaransa walipoutwaa mji wa Algiers mwaka 1830, haramia walikwisha. Askari wakaondolewa, gavana akaondoka, na wavuvi wakaachiwa ngome isiyo na adui. Hata hivyo kijiji kiliongezeka, na kilipokuwa katika ubora wake kilihesabu watu karibu 1,000. Halafu vijana wakaanza kuondoka mmoja mmoja kwenda Santa Pola na Alicante, ambako palikuwa na maji, shule na mishahara. Mwaka 1964 serikali ya Hispania ilikitangaza kijiji kuwa mahali pa kuhifadhiwa kwa sababu ya historia yake. Mawe yakapata ulinzi wa sheria. Lakini sheria haiwezi kumzuia kijana asipande mashua.

Jambo lililokisaidia kisiwa zaidi lilitoka tena baharini, na kwa njia ambayo mvuvi mwenye njaa angeikataa kama ingeletwa kwa haraka. Samaki walikuwa wakipungua. Mwaka 1986 bahari ya Tabarca ilifanywa hifadhi, ya kwanza ya namna hiyo katika Hispania yote. Eneo lake ni zaidi ya ekari 3,000. Mahali pengine hapana ruhusa ya kuvua hata samaki mmoja. Mahali pengine wavuvi wadogo huvua kwa njia zao za zamani. Nyavu za kukokota zilipigwa marufuku, maana hizo hukwangua sakafu ya bahari kama jembe lisilobakiza mbegu.

Chini ya maji yale pana majani marefu ya kijani yaitwayo posidonia. Watu wengi huyadhani kuwa mwani, lakini ni mmea kamili wenye mizizi, maua na matunda. Humo samaki huzalia, na watoto wao hujificha. Majani yakifa husukumwa ufukoni na kurundikana, na mgeni asiyejua hulalamika kwamba ufuko ni mchafu. Mwenyeji ajuaye humwambia kwamba marundo hayo ndiyo yazuiayo mchanga usichukuliwe na mawimbi ya kipusa. Mkulima aliyekwisha kuona mabua yakizuia mmomonyoko shambani mwake hahitaji kuelezwa mara mbili. Chewa wakubwa, ambao walikuwa wamekuwa adimu, wakaonekana tena. Siyo wote waliorudi. Chini ya kijiji liko pango lililopewa jina la sili, mnyama wa baharini ambaye wenyeji humwita mbwa-mwitu wa bahari. Sili mwenyewe hayupo tena. Limebaki jina na pango.

Kwa hiyo hali ya Tabarca imegeuka. Zamani watu walikuwa wengi na wageni hawakuwapo. Sasa, siku moja ya mwezi wa Agosti, mashua zaweza kushusha maelfu ya watu, lakini wakati wa baridi wanaolala kisiwani ni makumi tu. Bahari ikichafuka mashua haziji, na wale wachache hutazamana wao kwa wao. Wageni huleta fedha, nao huleta takataka pia, na hunywa maji katika kisiwa kisichokuwa na chemchemi. Nyumba nyingi zimekuwa za kupangisha au za watu wa mjini wajao wakati wa kiangazi. Swali lililo mbele ya wenyeji si geni: kisiwa kitawezaje kuwalisha wakaao humo mwaka mzima, siyo wapitao tu?

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa Tabarca hafiki hata siku ya pili. Saa kumi na moja jioni honi ya mashua hulia bandarini, watu hukusanya taulo zao na watoto wao, na foleni huwa ndefu. Katika muda wa saa moja au mbili mitaa ile iliyonyooka huwa tupu. Paka hutoka, viti hutolewa milangoni, na wazee hukaa kwenye upepo upande wa ukuta ambao babu zao waliamriwa kuulinda.

Mfalme aliyewakomboa watu wale alifanya tendo jema, na historia haimnyimi sifa. Lakini kumtoa mtu kifungoni ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumuuliza atakunywa nini, atachoma kuni gani, na mtoto wake atafanya kazi ipi. Na nusu hiyo ndiyo ngumu zaidi, maana haimalizwi kwa hati moja wala kwa ukuta mmoja. Watu wa Tabarca waliifanya wenyewe, kwa nyavu na kwa subira, muda wa zaidi ya miaka 250. Atakayekwenda huko kwa siku moja na aoge, ale wali wake, kisha kabla ya honi kulia afike mpaka makaburini asome majina. Hapo ndipo atakapokuwa amekiona kisiwa.